Arusi Ndani ya Sanduku la Mandazi

Tangu ile mashine iingie ndani ya mafuta, sijui tena kukaa. Naketi, nasimama. Naanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, naacha mchi ndani ya kinu, naenda sebuleni kuangalia. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kutoka uani kwake, “Mama, leo umepoteza nini?” Nikamjibu sijapoteza kitu. Nilikuwa naogopa kupoteza, na woga wa namna hiyo unamnyima mtu kiti.

Naandika haya kwa sababu hapa Kasenga, mtaa wetu wa Uvira, kila mtu ana namna yake ya kuyasimulia. Wengine wanasema mjukuu wangu anakaanga ordinateri. Wengine wanasema picha za arusi zikitoka kwake zinanuka mawese. Nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa sehemu kubwa nilikuwa nimesimama.

Mjukuu huyu nililetewa mara tu alipoachishwa ziwa. Mama yake ni binti yangu, aliolewa milimani, upande wa Lemera, na kwetu si ajabu mtoto wa kike wa kwanza kupelekwa kwa bibi amzoee, amchotee maji, alale naye. Huyu alikuja akabaki. Watoto niliowazaa mwenyewe wameondoka mmoja mmoja. Kuna aliyekwenda Kalemie akasema ni kwa mwaka mmoja. Kuna aliyevuka mpaka kwenda Bujumbura akasema Krismasi atakuwa nyumbani. Siku hizi wananitumia kwenye simu picha za watoto wao, vijana wenye ndevu. Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba anaenda kidogo tu, mwili wangu unasimama wenyewe.

Kazi ya mjukuu wangu ni picha za arusi, ubatizo na kwaya. Anakwenda na kamera, anarudi na picha nyingi zilizochanganyika, halafu anakaa mbele ya ordinateri, ile kompyuta kubwa ya mezani, anazikata na kuzipanga mpaka inatoka filamu moja yenye muziki. Ile hatua ya mwisho, mashine inapoziunganisha zote kuwa kitu kimoja, wao wanaita kupika. Neno hilo nililielewa siku ya kwanza. Unaweka kila kitu ndani, unafunika, unangoja, na ukifunua kabla ya wakati umeharibu.

Shida ni kwamba mashine zake zilikuwa zinakufa. Chumba chetu cha mbele kinatazama barabara, na kiangazi pikipiki zikipita vumbi linaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa. Taa ikiwaka, vidudu vidogo vinaifuata. Mashine ina vantilateri, feni ndogo, ndani, inavuta hewa ili isiungue, na ikivuta hewa inavuta vyote hivyo. Mjukuu wangu akifungua ubavu wake unakuta pamba ya vumbi na mabawa, kama kiota cha ndege mchafu. Alikuwa anasafisha kwa brashi ya kupakia rangi. Hata hivyo joto la mchana likipanda, katikati ya kupika, skrini inakuwa nyeusi na kazi ya siku nzima inapotea.

Ndipo akaja na habari ya bwana mmoja wa Bujumbura. Bwana huyo ana studio, chumba chake kinapulizwa hewa ya baridi mchana kutwa, na alikuwa amempigia simu amwambie kuna nafasi. Aliniambia haya nikiwa napima mawese. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni.

“Bibi, nitajaribu mara ya mwisho hapa nyumbani. Kuna arusi moja kubwa nimeshapiga. Mashine ikiimaliza bila kufa, nabaki, na naandika jina langu kwenye huu mlango. Ikikufa tena, navuka.”

“Unavuka kwenda kufanya nini?”

“Kazi, Bibi.”

“Kazi iko hapa.”

“Kazi iko. Mashine ndiyo haiko.”

Nilimwaga mawese nje ya chupa, jambo ambalo sijafanya tangu nianze biashara hii.

Ni yeye aliyeleta neno la mafuta. Alikuwa ameona kwenye simu mtu wa nchi ya mbali ametumbukiza ordinateri yake yote ndani ya sanduku la kioo lililojaa mafuta, na inafanya kazi. Nilimwambia anadanganywa. Akanielezea kwa upole, kama anavyoeleza watu wa kwaya namna ya kusimama. Maji yanabeba umeme, ndiyo maana yanaua mashine. Mafuta hayabebi. Mafuta yanachukua joto polepole na kulitawanya, na ndani ya mafuta hakuna vumbi wala mdudu. Kitu kimoja tu kinakaa nje, ile diski inayotunza kazi.

“Na mafuta gani?” nikauliza.

Alinitazama. Nikatazama bidoni zangu, madumu ya mawese yaliyopangwa ukutani. Sisi wawili tumeishi na mawese miaka yote hii. Yanakuja kwa boti kutoka pwani ya kusini ya ziwa, nayapokea, nayauza kwa chupa na kwa kikombe. Kwetu mtu akisema mafuta bila kuongeza neno, amesema mawese. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Nilijitia bidii kuliko nilivyopaswa. Mawese yakikaa, mazito yanashuka chini na mepesi yanabaki juu. Nilichota ya juu tu, nikayachuja kwa kitambaa, nikayapika mpaka wekundu ukapungua. Tulikubaliana kujaribu kwanza na mashine yake kuukuu, ile iliyokuwa bado inawaka kwa taabu, si ile nzuri. Tukaiweka ndani ya beseni kubwa la plastiki ninalofulia mablanketi. Akawasha. Vantilateri ikaanza kuzunguka ndani ya mafuta polepole, kama mwiko kwenye uji, na skrini ikawaka. Mjukuu wangu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akajishika mbavu.

Asubuhi yake upepo ulitoka mlimani, ule wa baridi wa kiangazi. Niliamka nikakuta mawese yameganda. Yameishika mashine kotekote, rangi ya machungwa, imetulia ndani kama mfupa ndani ya mchuzi uliolala. Kila mtoto wa Uvira anajua mawese yanaganda baridi ikiingia. Mimi nayauza. Lakini tulikuwa tumesema mashine ni ya moto, itayayeyusha yenyewe. Alipoiwasha, ile sehemu ya katikati ikayeyusha kishimo kidogo tu kuizunguka, vantilateri ikabaki imekamatwa kwenye mafuta magumu, na baada ya muda kidogo kukawa na harufu ya kitu kinachoungua. Sisimizi walikuwa wameshafika. Walipanga mstari kutoka mlangoni mpaka ukingoni mwa beseni, wengine wanaenda, wengine wanarudi.

“Bibi,” mjukuu wangu akasema, “hawa ndio wateja wetu wa kwanza.”

Nilimwambia anyamaze alete majivu.

Mashine kuukuu ikafa hapo. Nilingoja aseme anavuka. Badala yake alirudi kwenye simu, akasoma, akasema mafuta yanayotakiwa ni ya parafini, yale meupe yasiyo na harufu. Nikayajua. Yanauzwa farmasia kwa chupa ndogo, wanampa mtu ambaye tumbo limefunga.

Tulizunguka farmasia zote za mtaa. Kila moja ilikuwa na chupa chache kwenye rafu ya juu, zenye vumbi, na tulizichukua zote. Kwenye ile iliyo karibu na kanisa, muuzaji alitazama kikapu, akanitazama mimi, akamtazama mjukuu wangu.

“Mama, samahani. Nyumbani kwenu muko wangapi mumefunga?”

“Tuko wengi,” nikamwambia. “Funga mfuko.”

“Basi munywe na maji mingi.”

Mjukuu wangu alitoka nje haraka kwa sababu alishindwa kujizuia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria watu wa mtaa watakaougua wiki hiyo na kukuta rafu tupu. Chupa zile hazikufika hata robo ya sanduku la kioo tulilotaka kulijaza, kwa hiyo mchuuzi mmoja anayevuka mpaka akatuletea yaliyobaki ndani ya bidoni.

Sanduku lilitengenezwa na fundi wa vioo wa hapa hapa Kasenga, yule anayetengeneza masanduku ya kuuzia mandazi. Mjukuu wangu alimpa vipimo. Fundi akaunganisha vioo kwa gundi ile ya mpira, akapita kidole kwenye pembe zote, halafu akauliza mlango uwekwe upande gani.

“Hakuna mulango,” mjukuu wangu akasema.

“Mandazi yataingilia wapi?”

“Kwa juu.”

“Na muuzaji atatoa namna gani? Atapanda kiti?”

“Papa, si ya mandazi.”

Fundi akafikiri. “Ni ya samaki basi. Wale wa kutazama.”

“Ni ya ordinateri. Naitia ndani ya mafuta.”

Fundi alinigeukia kama mtu anayetafuta mzazi wa mtoto. Nikamwambia aongeze gundi kwenye pembe za chini, kwa sababu mafuta yakivuja yatavuja sebuleni kwangu.

Siku ya kuijaza, aliishusha ile mashine nzuri mwenyewe, bamba la kijani lenye vijumba vijumba kama mji unaoutazama kutoka mlimani, na nyaya zimetoka juu. Diski akaifunga nje, kwenye ubao. Tukamimina. Mafuta yalikuwa safi hata ukasahau yapo, ila vitu vilivyo ndani vilionekana vimesogea kidogo. Akawasha, taa zikawaka ndani ya mafuta, na viputo vichache vikapanda. Haikutoa sauti. Nilikuwa nimezoea ule mvumo wa zamani ukutani, na ukimya ule ulinisumbua zaidi ya mvumo. Ningejuaje kama iko hai?

Niseme pia kilichonifurahisha siku ile, maana sikumwambia mtu. Niliona uzito wake. Sanduku limejaa, meza imelalamika, watu wazima wakilibeba watalimwaga. Nikasema moyoni kwamba kitu cha namna hii hakipandi pikipiki wala hakivuki mpaka. Mwenye nacho atakaa kilipo. Usiku ule nililala vizuri.

Siku chache tu zikapita, nikaona sakafu ina matone. Mafuta yalikuwa yanapanda. Yalipanda ndani ya nyaya, juu, yakavuka ukingo wa kioo, yakashuka upande wa pili, tone kwa tone, mpaka kwenye zulia. Nilijua ni nini mara moja, ni kama utambi wa koroboi. Mjukuu wangu alikuwa ameshayasoma hayo, akasema ni kawaida, hayana dawa, ni kupangusa tu. Nikachukua kazi hiyo. Kila asubuhi kitambaa, kila jioni kitambaa, na kibakuli chini.

Ile arusi kubwa ilikuwa ya mtoto wa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, mwanamke mwenye sauti inayofika ng’ambo ya barabara. Alikuwa ameshapanga siku ya kumtoa bibi arusi ndani. Kwetu bibi arusi akishaolewa anakaa ndani kwanza, halafu wakwe wanaitwa, wanakula, anatolewa mbele ya watu, na siku hizi hawatoki hapo bila kutazama filamu ya arusi pamoja. Wakwe walikuwa wameitwa Jumapili. Ijumaa mjukuu wangu akamaliza kukata na kupanga. Jumamosi asubuhi mashine ianze kupika.

Lakini Jumamosi hiyo hiyo alikuwa ameahidi kupiga picha za ubatizo Lubarika, na ahadi ya kanisa haivunjwi. Kabla ya kuondoka akanionyesha mstari wa kijani kwenye skrini, unaotembea kutoka kushoto kwenda kulia.

“Ukifika huku mwisho, imeiva. Usiguse kitu. Weka mukono kwenye kioo. Ikiwa moto mpaka huwezi kuacha mukono, bonyeza hapa, izime.”

“Na nikizima?”

“Basi imekufa, Bibi. Tunajua.”

Akanikabidhi ile kadi ndogo ya kamera yenye picha zote za arusi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Halafu akanionyesha mpira mwembamba uliokuwa umeviringishwa chini ya meza.

“Na huu?” nikauliza.

“Wa kutoa mafuta. Unavuta kidogo, yanashuka yenyewe ndani ya bidoni. Sanduku linabaki jepesi. Mutu mumoja anabeba.”

Akapanda pikipiki akaenda. Nikabaki nimeushika ule mpira. Yale yote niliyojituliza nayo, uzito na meza iliyolalamika, yaliweza kutoka kwa mpira mwembamba kama utumbo wa kuku. Kilichobaki cha kumzuia ni ule mstari wa kijani tu.

Asubuhi nzima nilizunguka. Niliweka mkono kwenye kioo, vuguvugu. Nilikwenda kupepeta mchele, nikarudi, vuguvugu. Niliosha vikombe vilivyokuwa safi. Mteja alikuja kutaka mawese, nikampimia, akachungulia sebuleni akasema, “Yale meupe ni ya kiwanda? Nipimie basi hata kikombe kimoja.” Nikamwambia yale yatamkimbiza chooni. Mstari ulikuwa umetembea kama konokono. Mara unasimama, nami nasimama nao, halafu unasogea.

Jua likiwa limesimama juu, nikasikia ile sauti mlangoni.

“Hodi humu. Minye nimekuja kuchukua arusi yangu.”

Alikuwa mama wa bwana arusi. Aliingia na harufu yake ya ndagala na kitenge kipya. Nilimkaribisha kiti. Hakukaa. Aliona sanduku.

“Hii ni nini?”

“Ni mashine. Arusi yako iko ndani, inapikwa.”

Alizunguka meza. Akaona taa ndani ya mafuta, akaona viputo.

“Mama. Weye uko mukubwa, nakuheshimu. Lakini niambie kweli. Munakaanga ndoa ya mutoto wangu?”

“Hatuikaangi. Inapikwa.”

“Ndani ya mafuta.”

“Ndani ya mafuta.”

“Basi munaikaanga.” Akaweka mkono kiunoni. “Watu sokoni walinicheka, nikasema wanaona wivu. Kumbe iko kweli. Kesho wakwe wanakuja, nimenunua mbuzi, nitawaonyesha nini? Sambusa? Nipatie ile kadi ya picha. Kuna kijana kule sokoni ananifanyia leo leo.”

Mkono wangu ulikwenda kwenye pindo la kitenge, na aliuona.

“Iko hapo,” akasema.

“Iko hapa. Na haitoki mpaka mwenyewe arudi.”

“Iko yangu. Arusi ni yangu.”

“Arusi ni ya mtoto wako. Kadi ni ya mjukuu wangu. Kaa.”

“Sikai.”

“Basi tusimame wote. Mimi pia leo sikai.”

Tukasimama. Yeye upande ule wa meza, mimi upande huu, sanduku katikati. Sikumficha kitu, maana sijui kuficha. Nilimwambia akiondoka na kadi, yule kijana wa sokoni ataanza kukata upya na kesho haitafika. Nilimwambia pia kwamba mashine hii ikishindwa leo, mjukuu wangu anavuka Bujumbura, na mimi nitabaki na bidoni.

Aliutoa mkono kiunoni. “Wangu wa pili iko kule,” akasema. “Alisema anaenda kuangalia tu.”

“Wote wanaenda kuangalia.”

“Lakini hiyo haitoi arusi yangu kwenye mafuta, Mama.”

“Weka mkono kwenye kioo.”

“Juu ya sababu gani?”

“Weka.”

Aliweka kwa ncha za vidole kwanza, kama mtu anayegusa sufuria. Halafu kiganja chote. Mwanamke huyu amekaanga ndagala barabarani tangu akiwa msichana, anajua mafuta kwa kuyasikia tu. Akaweka na kiganja cha pili. Akainama akasikiliza. Akachovya kidole juu kabla sijamzuia, akakisugua, akakinusa.

“Hii haikaangi hata ndagala moja,” akasema.

“Nimekuambia.”

“Haikaangi hata kitunguu. Iko kama maji ya kuogesha mutoto.” Alionekana karibu kuudhika. “Sasa wale wa sokoni wanasema nini?”

Akavuta kiti akakaa. Mimi sikuweza. Nilimletea bugali na sombe, akala akitazama mstari wa kijani, akaanza kuuzungumzia kama mtu. Umechoka huyu. Huyu amelala njiani. Mstari ulikuwa umekaribia mwisho kabisa, umebaki uchochoro tu, na hapo ukasimama. Nikangoja. Nikagusa kioo, kilikuwa kimepanda joto kidogo, si sana. Nikagusa tena.

“Unagusa sana,” akasema. “Inaona haya.”

Umeme ukakatika. Vantilateri ya dari ikapunguza mwendo, redio ya jirani ikanyamaza, na lile sanduku la betri chini ya meza, onduleri, likaanza kulia, kilio kile kifupi kifupi kama cha kifaranga aliyepotea. Skrini ilibaki inawaka. Mjukuu wangu alikuwa ameniambia betri inashika kwa muda mfupi tu. Mama wa bwana arusi alikuwa ameshasimama, sahani mkononi.

“Inalia nini?”

“Inasema haina nguvu ya kukaa sana.”

“Na mustari?”

“Umesimama.”

Hakuna tulichoweza kufanya. Nimezaa, nimezika, nimekimbia nyumba hii na kurudi, na mara zote hizo kulikuwa na kitu cha kushika, mtoto au mzigo. Hapa kulikuwa na kioo tu. Nikaweka viganja vyangu upande wangu, naye akaweka chake upande wake, cha mkono usio na sahani, na tukabaki hivyo tukisikiliza kifaranga. Sauti ikaanza kuharakisha. Mstari ukasogea. Ukajaa. Kukatokea kisanduku cheupe chenye maneno ya Kifaransa ambayo sikuyaelewa, na maneno ya Kifaransa kwangu yanaweza kuwa heri au shari.

“Inasema nini, Mama?”

“Sijui.”

“Minye pia sijui.”

Skrini ikazima. Kila kitu kikanyamaza.

Tulibaki pale pale mpaka mjukuu wangu akarudi, mweupe kwa vumbi kichwani mpaka viatuni. Alitukuta tumesimama. Hakusalimu. Alitazama skrini nyeusi, akanitazama usoni, na nikaona mabega yake yanashuka. Nikamwambia niliyoyaona, mstari umejaa, kisanduku cheupe, halafu giza. Akauliza neno la kwanza kwenye kisanduku lilianza na herufi gani. Nikamchorea kwa kidole mezani, maana mafuta yalikuwa yametapakaa pale. Akakaa kwenye zulia akingoja umeme.

Uliporudi, akawasha. Akabonyeza, akabonyeza. Halafu muziki ukaanza, na pale kwenye skrini mama wa bwana arusi alikuwa anacheza mbele ya kanisa, kitambaa juu, viatu mkononi.

Mama yule alisogea karibu akajitazama kwa muda mrefu. Ikafika sehemu anapomkumbatia mwanawe na kulia, uso umekunjamana wote.

“Hapo munitoe,” akasema. “Wakwe wasinione vile.”

“Mama, naweza kukutoa,” mjukuu wangu akasema. “Lakini lazima ipikwe upya yote.”

Mama wa bwana arusi alinitazama. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kitambaa.

“Basi, iache,” akasema. “Walie na wao.”

Jumapili wakwe waliona arusi. Jumatatu mjukuu wangu alitafuta rangi ya bluu akaandika jina lake mlangoni, herufi ya mwisho imebanwa kidogo kwa sababu mlango uliisha kabla ya jina. Siku ileile bwana wa Bujumbura akapiga simu. Mjukuu wangu alitoka kuzungumza uani, nami nilikuwa napangusa nyaya. Nilimsikia anasema, “Asante sana, papa, lakini niko na kazi nyingi huku.” Akasikiliza. Akasema, “Hapana, siyo sasa.” Nilingoja aseme ni lini, hakusema.

Aliporudi ndani alinikuta nimeushika ule mpira wa kutolea mafuta.

“Bibi, hiyo unaipeleka wapi?”

“Unakusanya vumbi hapa chini.”

“Uache pale pale. Siku moja tutauhitaji.”

Nikauviringisha vizuri nikaurudisha chini ya meza. Akavuta kiti changu akakiweka karibu na sanduku, akanipigapiga bega nikae. Nilikaa. Nilitazama lile tone likijikusanya kwenye ncha ya waya, likanenepa, likaanguka kwenye kibakuli, na lingine likaanza kupanda. Nikasimama nikachukua kitambaa.